Mkeka wa Waombaji

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua ya kwanza imepita leo juu ya Chuno, mtaa wetu hapa Mtwara, ikaacha matone machache na harufu ya vumbi. Nimefungua daftari jipya. Lile la zamani nililiacha tangu marehemu mke wangu, Yustina, alipofariki, na sikuwa na moyo wa kuandika chini ya maandishi ya wakati wake. Atakayesoma haya namwomba radhi mapema: mimi ni mzee, nimefundishwa kuandika na mabradha wa misheni, na sentensi zangu hutembea polepole kama mimi.

Fundi amekuja tena kutazama jokofu la dada yangu Sabina. Sabina ni mjane; alihamia kwangu baada ya msiba ili anipikie, na hapo barazani huuza barafu za ubuyu. Fundi huyo ni Faustino, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyekimbia Palma, Msumbiji, wakati wa mashambulizi. Ni mtu wa heshima. Ila jokofu lenyewe lilinunuliwa jipya, na sielewi kwa nini linaharibika mara nyingi hivi.

Jumapili, 30 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, somo wangu. Baada ya misa alikuja Faustino amebeba jogoo mweupe aliyefungwa miguu kwa ukindu. Alinikabidhi kwa mikono miwili huku amepiga goti, akasema, "Nang'olo, pokea." Nang'olo ni mzee kwa Kimakonde. Niliguswa sana kwamba mgeni ameikumbuka siku ya somo wangu, hali wanangu walioko Dodoma hawakupiga hata simu. Nilimshukuru kwa maneno marefu, pengine marefu kupita kiasi.

Sabina alimpika jogoo kwa nazi. Firigisi aliiweka kwenye sahani yangu, nami nikaila. Faustino alinitazama nikitafuna mpaka nilipomeza, kisha akashusha pumzi, akatamka neno moja la Kihispania: padrino. Nilitabasamu, nikamwambia asante. Sikujua maana yake, na niliona si adabu kumuuliza mtu maana ya shukrani zake.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimefanya jambo ambalo sijui jinsi ya kulitengua.

Asubuhi alikuja Mwanaidi, jirani yetu, kununua barafu za wajukuu. Ni mtu wa Mikindani, mwenye ulimi mwepesi, na ameishi nasi kiasi cha kuzijua mila zetu kuliko watoto wetu. Nikamsimulia jinsi nilivyosherehekea. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango.

"Babu Andrea, umemla jogoo wa watu na firigisi yake, halafu unanisimulia habari za mtakatifu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika ukoo wetu, mwanamume asiye na wazee wa kumsemea akitaka kuposa, humpelekea mzee mmoja jogoo mweupe. Mzee akimrudisha jogoo, amekataa. Akila firigisi, amekuwa mzee wa mtu yule: atakwenda naye, atasema kwa niaba yake, na ikibidi atatukanwa kwa niaba yake. Haya nimeyajua tangu utoto. Jana niliyasahau kwa sababu akili yangu ilikuwa kanisani.

Nilimuuliza Mwanaidi ni mwanamke gani anayeposwa. Alinitazama kwa huruma, akasema nikaliulize jokofu.

Jumanne, 2 Desemba

Sabina amenipa chai na mihogo kama kawaida. Sikuuliza. Naye hakusema. Ila ndiye aliyempika yule jogoo, na ndiye aliyeniwekea firigisi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwita Faustino ili anieleze kwa haki ameniomba nini. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akikwama huingia kwenye Kimakonde, na jambo likigusa moyo hutokea kwa Kihispania. Alipokuwa mtoto, Msumbiji iliwapeleka wengi wao kwa meli kusoma kwenye kisiwa kimoja cha Kuba. Huko ndiko alikojifunza ufundi, na huko ndiko alikopata maneno ya kusemea huzuni.

Akasema padrino ni mwanamume anayesimama na mtoto siku ya ubatizo. Nikafurahi, maana kwetu huyo ni msimamizi, na nimewasimamia watoto wengi. Akaongeza kwamba ni yule pia anayesimama na maarusi. Nikakubali. Akaongeza tena kwamba ni mkubwa anayekufungulia milango iliyofungwa. Hapo nikaanza kupotea. Nikamwomba aniambie, kati ya hawa, anamtaka yupi.

"Wote, Nang'olo."

Nikamweleza kwamba mtu hawezi kuombwa yote kwa mara moja. Akafikiri, kisha akanisimulia habari za mpishi wa shule yao kisiwani, mzee mnene aliyemkuta akilia nyuma ya jiko. Hakumbatiza. Hakumwoza. Hakuwa na cheo cha kumfungulia mlango wowote. Lakini ilipofika sikukuu ya shule, siku ambayo wanafunzi wa kule walitembelewa na wazazi, mpishi alivua aproni yake, akaja kukaa kwenye viti vya wazazi mpaka jioni. "Huyo," akasema Faustino, "huyo ndiye padrino."

Kisha akaniambia lililobaki, na ndilo zito. Watoto wa marehemu kaka yake, waliodhaniwa wamekufa, wameonekana Palma wakiwa hai, nao wanalelewa na jirani. Mvua zikiisha na mto ukipungua, atarudi kuwalea. Anataka kurudi na Sabina akiwa mke wake.

Ukweli ni kwamba sikuwafikiria watoto hao kwanza. Nilifikiria ni nani atakayeniwashia jiko. Naomba radhi.

Jumapili, 7 Desemba

Goodluck, mwana wa Sabina, amekuja kutusalimu. Ni karani bandarini. Nikamwomba anitafutie lile neno kwenye simu yake, bila kumwambia sababu. Alisoma kwa sauti: baba wa ubatizo, msimamizi wa arusi, mfadhili, mtu wa kukushika mkono kwa wakubwa. "Hapa bandarini tunasema fulani ana mtu," akaeleza. Akaendelea kusoma, akakunja uso. Maana nyingine ilikuwa msaidizi wa mtu katika pambano la panga au bastola.

"Mjomba, nani anataka kupigana?"

Nikamjibu kwamba ninasoma tu. Akaendelea kupekua, akaniambia kwamba mabwana wa zamani wa kule walipopigana, kila mmoja alikuwa na padrino wake, na kazi ya kwanza ya mapadrino ilikuwa kujaribu kuwapatanisha kabla damu haijamwagika.

Baada ya yeye kuondoka nimelipima neno hilo na la kwetu, somo. Somo ni kile mwalimu anachofundisha. Somo ni mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake. Somo ni mwenye jina moja nawe. Somo ni mwanamke anayemfunda mwali. Somo ni rafiki wa kuambiana siri. Maisha yangu yote nimelitumia bila kujikwaa, na hakuna aliyewahi kunitaka nichague moja. Sasa kwa nini la huyu bwana linanishinda?

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua kutwa. Mihogo imeota vizuri.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemuuliza tena Faustino kama padrino anaweza kuwa ndugu wa upande wa pili. Amesema hajui. Nimemwomba alifikirie.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli yetu imeharibika, na niliiharibu mimi kwa kunyamaza.

Goodluck alikuja na mkewe Neema. Faustino alikuja pia, kwa mwaliko wa Sabina. Tulikula kwa amani mpaka Mwanaidi alipotuletea sahani ya vitumbua na, kwa mzaha wake, akamuuliza Goodluck kama ameshazoea kumwita fundi baba. Goodluck aliweka kijiko chini. Faustino akaaga kwa adabu na kuondoka. Sabina akaingia ndani.

Goodluck hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema mama yake haendi Palma. Alisema watu walikuja hapa Mtwara hawana hata viatu, na yeye aliwaona kwa macho yake. Kisha akanisihi, kwa kuwa kaka mkubwa ndiye mwenye kujibu posa, nikatae. Ilinibidi nimwambie kuhusu jogoo.

"Ulikula kwa makosa, Mjomba. Makosa hayahesabiki."

"Firigisi niliimeza, baba. Sasa mimi ni mzee wake. Siwezi kuomba na kujibu kwa kinywa hicho hicho."

Aliuliza ni nani basi atakayejibu. Nikamkumbusha kwamba ukoo wetu hufuata upande wa mama: nisipokuwepo mimi, anayekalia kiti changu ni mwana wa dada yangu. Aliposikia hivyo alinitazama kama mtu aliyewekewa mikononi mtoto wa mwenzake bila kuulizwa. Anayetakiwa kumjibu mposaji wa Sabina ni yeye, mwanawe.

Jumapili, 4 Januari

Mvua kubwa. Wasafiri wanasema Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, maji yamepanda na mitumbwi haivuki. Nilifurahi. Naomba radhi tena.

Jumamosi, 10 Januari

Jokofu limeharibika. Leo nilikaa dirishani nikasikiliza. Faustino alikuwa amefungua mgongo wa jokofu, Sabina akimshikia taa, wakizungumza Kimakonde. Sikuwahi kumsikia dada yangu akicheka namna hiyo tangu alipokuwa msichana anayechota maji kisimani. Miaka yote hii niliamini kwamba alihamia kwangu kwa sababu mimi nilikuwa mpweke.

Jumatano, 21 Januari

Wiki hii nilimtuma Faustino aulize watu wa kwao kama padrino akifa ahadi yake inaendelea. Wiki iliyopita nilitaka kujua kama padrino anaweza kuwa mzee kuliko baba wa mtu. Leo Sabina ameleta chakula, na badala ya kuondoka akakaa mbele yangu.

"Kaka, kwa heshima yote. Neno hilo ulilielewa ile siku ya habari za mpishi. Unachotafuta ni mlango wa kutokea."

Nilimjibu kwamba jambo zito linahitaji uchunguzi. Akasema anajua, na ndiyo maana amengoja. Akasema Kwaresima inakaribia, na posa isipofanyika kabla ya Jumatano ya Majivu, padri hatafungisha ndoa mara tu baada ya Pasaka. Kisha akafunika sahani yangu, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Nimejaribu kukasirika. Sikuweza. Nimejaribu pia kuelewa ninataka nini, na hilo nalo sikuweza.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemwambia Faustino tutakwenda Jumamosi, tarehe kumi na nne. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumweleza kwamba bado sijui ninachokifanya, ila niliona si wakati wake.

Jumamosi, 14 Februari

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, ingawa siku yenyewe haikuwa na utaratibu.

Mzee wa mposaji hatokei nyumba ya mwanamke. Kwa hiyo jana nilifunga shati na suruali katika shuka, nikahamia chumba alichopanga Faustino, nyuma ya soko la hapa Chuno. Leo asubuhi tuliondoka huko kwa miguu chini ya manyunyu. Tulipofika nilikuta mlango wangu umefungwa. Nilisimama kwenye baraza niliyoijenga kwa mikono yangu, nikapiga hodi.

Goodluck alituacha tusimame kiasi cha kutosha kulowa. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha akafungua, akatukaribisha wageni, akauliza tumetoka wapi.

"Tumetoka Chuno," nikasema, kwa kuwa ni kweli. Nyuma ya pazia nilimsikia Mwanaidi akijiziba mdomo kwa kanga.

Tulikalishwa kwenye mkeka, migongo yetu ikielekea mlango. Kiti changu kilikuwa cha Goodluck. Maji hatukupewa, maana waombaji hawanywi mpaka wajibiwe. Nilijua kila ufa wa ukuta ule, ila kwa kuutazama kutoka chini, kutoka upande ule, sikuutambua.

Nikasema tumekuja kuomba. Goodluck akauliza huyu tuliyemleta ni nani. Nikamtaja jina, nikataja Palma, nikataja ufundi wake. Akauliza kama ana ndugu, maana ukoo wetu haumtoi mwanamke kwa mtu aliyeota peke yake.

"Anaye," nikasema. "Mimi."

Faustino aliinamisha kichwa. Sikumtazama.

Goodluck akauliza: yakitokea tena kama yale ya nyuma, itakuwaje? Nilikuwa nimeandaa jibu refu, nikaliacha. Nikasema siwezi kumwahidi amani, kwa kuwa si yangu. Ninaloweza kuahidi ni kwamba siku watakayolazimika kuvuka kurudi, kwa heri au kwa shari, nitakuwa ukingoni Kilambo kuwapokea, na kama nitakuwa nimekufa, itabidi aje yeye.

Goodluck alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa sharti. Alisema upande wa mwanamke umekubali, ila kama ilivyokuwa kwa bibi zetu, mwanamume aje akae nyumbani kwa mke. Faustino ahamie katika nyumba hii hii, na Sabina abaki hapa alipo.

Nataka kuwa mkweli. Niliyasikia maneno hayo kwa tumbo kabla ya masikio. Niliona chai yangu ya asubuhi, niliona jokofu barazani, niliona hata Faustino akinisaidia kupalilia mikorosho. Ilikuwa posa nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Tena sharti lenyewe lilikuwa la mila, na hakuna ambaye angenilaumu. Ningesema ndiyo tu.

Lakini Goodluck hakuwa ameniuliza mimi. Alikuwa amemuuliza Faustino, na Faustino hakuwa na kinywa kingine mle ndani. Alijua fika kwamba sharti lile lilinifaa, na hakunigusa wala hakunikonyeza. Alisubiri.

"Sharti hilo," nikasema, "hatuwezi kulipokea."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikarudia. Nikaeleza kwamba huko ng'ambo wako watoto wa kaka yake ambao wamebaki na jirani, na mwanaume anayewaacha hao ili apate mke si mwanaume wa kupewa mke. Kama tungelikubali sharti, basi wangekuwa na haki ya kutukataa.

Goodluck alisahau taratibu zote. "Mjomba, unajua unachokisema? Sharti hili nimeliweka kwa ajili yako."

"Najua, baba. Lakini mjomba wako leo hayupo. Aliyepo ametumwa."

Mvua ilizidi juu ya bati. Hatimaye Mwanaidi akatoka nyuma ya pazia, kwa kuwa anayeposwa haruhusiwi kusema mwenyewe, akasimama wima kama karani wa mahakama.

"Nimetumwa na wa ndani. Anauliza: leo unaposwa mto Ruvuma, au anaposwa yeye?"

Goodluck alicheka bila kupenda, kisha akafuta uso kwa kiganja, na sikuweza kujua alichokuwa anakifuta. Alisema jibu litaletwa. Tuliinuka na kiu yetu. Nilitoka nyumbani kwangu kinyumenyume, kama mgeni, nikajikwaa kwenye kizingiti ambapo sijawahi kujikwaa.

Jumatatu, 16 Februari

Bado niko kwa Faustino. Amenipa kitanda, yeye analala kwenye mkeka. Hupika wali na maharage meusi pamoja, chungu kimoja, na kuukoleza vitunguu saumu. Si chakula kibaya, ila ni kigeni.

Jioni Goodluck amekuja. Alimpa Faustino mkono kabla ya kunipa mimi. Wamekubali, bila sharti. Faustino alikwenda nje, akakaa huko kwa muda. Goodluck aliniuliza kama nitarudi nyumbani leo au nitaendelea kuwa mkwe wake. Sikujua kama alikuwa anatania.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Nimerudi nyumbani.

Jumamosi, 18 Aprili

Ndoa imefungwa. Padri aliponiuliza mimi ni wa upande gani ili anielekeze benchi, nilichanganyikiwa mpaka Neema akanishika mkono na kunipeleka kulia, kwa bwana arusi, ambako benchi zilikuwa tupu.

Jumapili, 10 Mei

Mvua zimekwisha. Tumewasindikiza Kilambo.

Mto umerudi ndani ya kingo zake, mpana na wa rangi ya udongo. Sabina alivua viatu, akavifunga kwenye kikapu, kisha akarudi kunirekebisha kola ya shati. Aliniambia chumvi iko kwenye kopo la bluu na mkaa nisiununue kwa yule wa njia panda, kwa kuwa anachanganya na vumbi. Nilimwambia nitakumbuka. Nilikuwa na maneno mengine, marefu, niliyoyaandaa njiani. Faustino alipiga goti mbele yangu kwenye matope, mbele ya watu wote, nami nikamwomba ainuke, suruali yake ilikuwa mpya.

Tulisimama mpaka mtumbwi ukafika ng'ambo na wao wakashuka. Kwa umbali ule nyuso hazionekani. Goodluck alikuwa pembeni yangu, akimpungia mama yake.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "hivi kweli, wewe ulikuwa upande wa nani?"

Nilimwambia kwamba sijui, na sikuwa nasema kwa adabu tu. Kule ng'ambo Sabina alikuwa anamjibu mwanawe kwa kanga. Faustino naye, hatua chache kutoka kwake, alikuwa ameinua mkono juu, ameushikilia hapo, akiutazama ukingo wetu. Katika ukingo huu wote hakukuwa na mwingine wa kumjibu. Nikainua wangu.